Mgeni Asiyesindikizwa

Mtandazi, ile mashine ya kutandaza barabara, alitembea kama mtu anayetafuta sindano mchangani: polepole, kichwa chini, bila kuruka mahali. Mbele alikuwa na mdomo mpana kuliko nyumba mbili, nao ulimeza kila ulichokikuta, udongo, mawe, mizizi na vichuguu. Tumboni mwake mlikuwa na tanuri lililoyeyusha vyote hivyo na kuvichanganya na nyuzi za shaba. Kisha nyuma yake ukatoka mkeka.

Wahandisi waliuita hivyo, na wananchi nao wakauita hivyo, maana barabara nzuri imeitwa mkeka tangu enzi za lami. Ila huu ulikuwa mkeka wa aina yake. Ulikuwa mweusi, unang'aa, mgumu kuliko jiwe, na ndani yake ulipita umeme uliovuta malori yasiyo na dereva, yakifuatana kwa misafara mirefu kutoka bandari ya ziwa hadi pwani. Msafara ukipita, upepo wake peke yake ungeweza kumwangusha ng'ombe. Kwa sababu hiyo Mtandazi alisimamisha ukuta wa kioo kila upande, mrefu kumshinda mtu aliyembeba mwenzake mabegani. Kioo hicho kilitengenezwa kimeze kelele za misafara ili watu wa vijijini walale usingizi wao. Waione barabara yao, wasiiguse wala wasiisikie.

Mhandisi Nyamizi Kasubi aliutazama mkeka ukitoka, na kama kawaida yake akajisikia vizuri. Yeye ndiye aliyekuwa mhandisi wa njia wa Barabara ya Maziwa. Ndiye aliyeamua ipite wapi, ikunje kona wapi, na wapi chini yake pawekwe kivuko cha watu na mifugo. Vivuko vilichimbwa kabla mkeka haujalazwa. Kuukata mkeka uliokwisha kulala kuliwezekana, lakini ilibidi umeme uzimwe njia nzima na misafara yote isimame. Na baada ya makabidhiano hata hilo halikuwezekana tena, kwa kuwa mkataba ulikataza mkeka kuguswa mpaka watoto wa leo wawe wazee.

Makabidhiano yalikuwa Jumamosi, mjini Tabora. Kilichosalia ni kipande kifupi tu kupita kijiji cha Itundwe, halafu Nyamizi aweke kiganja chake kwenye kioo cha mkataba, maana mkataba ulikubali kiganja cha mhandisi aliyeichora njia tu, ngoma zipigwe, watu wale pilau.

"Nakihitaji kiganja chako kikiwa kisafi," mkurugenzi wa mradi, Bwana Rwechungura, alimtania asubuhi ile kwa simu. "Usije nacho na udongo."

"Nitakinawisha, Mkurugenzi."

"Barabara nzima, vivuko vya kuhesabu kwa vidole! Wenzetu wanatuuliza tumetumia dawa gani."

Dawa yenyewe iliitwa Msikizi, na Nyamizi alijivunia Msikizi kuliko hata Mtandazi. Kilikuwa chombo kidogo cha kuruka, mviringo kama kibuyu, chenye akili ya kuzungumza na kila kaya iliyo kando ya njia. Barabara nyingine zilipimwa na watu wageni walioteremka na miwani ya jua na kuanza kuuliza maswali kabla hata hawajasalimia. Nyamizi alisema barabara yake haitapita kwa watu bila hodi. Kwa hiyo Msikizi alifundishwa shikamoo kabla ya kufundishwa hesabu. Alikijua Kiswahili cha mjini na cha shamba, Kinyamwezi na Kiha. Alitua uani, akapiga hodi, akasalimia wakubwa kwa wadogo, akaulizia mvua na mifugo, ndipo akauliza kama barabara ikipita hapa wenyeji watakuwa na shida yoyote. Palipokuwa na shida, kivuko kilichorwa. Na katika nchi ile yote, Msikizi alirudi na majibu ya kutuliza moyo. Hatuna shida. Hakuna neno. Karibuni sana.

"Watu wetu hawana makuu," Nyamizi alizoea kusema mikutanoni, na ukumbi ulimpigia makofi.

Siku ile alitaka kuiona Itundwe kwa macho yake kabla mkeka haujaifikia. Kipepea, kile chombo cha kurukia alichopewa na mradi, kilikuwa kambini kinachajiwa. Kijiji hakikuwa mbali, akaamua kutembea. Alikuwa hajatembea kwa miguu kwenda kwa mtu tangu mradi uanze.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja aliyeitwa Milembe, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya juu na vicheko vya karibu. Alikuwa akichambua karanga barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu kiti. Za huko utokako?"

"Nzuri. Sijui nyinyi."

"Sisi wazima. Tunakuona unavyohangaika na lile lidudu lako."

Wakacheka. Nyamizi akaletewa maji, akaletewa na karanga za kukaanga kwenye kisahani. Wakaongea habari za mvua. Baadaye, kwa kutimiza tu wajibu, akauliza lile swali la Msikizi. Je, barabara hii ina shida yoyote kwao?

"Aa, shida gani tena? Hatuna shida. Maendeleo hayo."

Nyamizi akashukuru na kuaga. Milembe akaweka ungo chini, akapangusa mikono, akajifunga kanga upya. "Ngoja nikutoe," alisema.

Nyamizi alitaka kumwambia asijisumbue, lakini ulimi ulikataa. Ilikuwa zamani sana tangu mtu amsindikize. Wakashika njia pamoja, mwenyeji nusu hatua nyuma kama inavyopasa. Walipoipita migomba ya mwisho, Milembe alikohoa kidogo.

"Sasa, mwanangu, kuna jambo dogo tu."

"Niambie, mama."

"Umeviona vile vigingi vyenu vyekundu? Sisi tunalala upande huu. Mashamba yetu yote yako upande ule. Yote. Mihogo, karanga, tumbaku, na mizinga ya nyuki ya mume wangu. Tunajiuliza, hilo likioo likishasimama, tutakwenda kulimia wapi? Au mtatupa mabawa?"

Alisema hivyo akiwa bado anatabasamu. Nyamizi alisimama.

"Mama, hilo si jambo dogo! Mbona nimekuuliza pale barazani ukasema hakuna shida?"

Milembe alimtazama kama anavyotazamwa mtu mzima aliyeuliza jua linachomoza wapi. "Pale ulikuwa mgeni kwenye kiti changu. Hujamaliza hata maji, nianze kukutwika matatizo? Ndiyo adabu hiyo? Mambo ya watu yanasemwa njiani, ukimsindikiza mgeni."

"Na Msikizi? Alipokuja?"

"Yule naye tulimpenda. Mtoto ana heshima yule, anasalimia vizuri. Tulimkaribisha, tukamjibu, tukasema sasa akitoka tumtoe tumweleze. Tunainuka tu, akapaa zake juu kama risasi." Milembe aliinua mikono. "Sasa wewe, mtu anayepaa unamsindikizaje?"

Nyamizi aligeuka akavitazama vile vigingi vyekundu. Alimwahidi Milembe kwamba mkeka hautapita Itundwe bila kivuko, akamshika mikono yote miwili, akarudi kambini karibu anakimbia. Akamwamuru Mtandazi asimame. Lile tanuri likanguruma likipoa, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi, ndege wakasikika.

Msikizi alikuwa kwenye kituo chake hemani. Nyamizi akaketi mbele yake.

"Ulipofika Itundwe, hukuyaona mashamba?"

"Niliyaona yote, Mhandisi," Msikizi alijibu kwa ile sauti ya upole aliyoichagua Nyamizi mwenyewe. "Niliwauliza kama kutenganishwa nayo kutakuwa shida. Walisema hawana shida. Kanuni ni kwamba kivuko hufuata kauli ya mwenyeji."

"Na walipokuwa wanainuka kukutoa?"

"Kuinuka kwao nilikutafsiri kuwa mazungumzo yamekwisha. Nilipaa ili nisiwapotezee muda."

Hakukuwa na uongo hapo, wala hakukuwa na ubovu. Kilikuwa chombo kilichofanya kila kitu alichofundishwa, na mwalimu wake alikuwa amesahau njia. Mhandisi wa njia! Nyamizi alicheka peke yake hemani, kicheko kibaya.

"Wangapi walikujibu kwamba hawana shida?"

"Karibu wote."

"Na wangapi waliinuka ulipoaga?"

Msikizi alipekua kumbukumbu zake. "Wote," alisema.

Ndipo Nyamizi alipomkumbuka mama yake.

Mama yake, Bi. Nyanzala, aliishi Magulungu, kijiji ambacho mkeka ulikuwa umekwisha kukipita na misafara ya majaribio ilikuwa inapita humo mchana na usiku. Mama upande huu. Upande wa pili dada wa mama, Kalunde, ambaye macho yake yalizimika zamani, kabla tiba haijafika kule. Wakati wa kuchora njia Nyamizi aliliona jambo hilo. Alipiga simu, akauliza. "Pitisheni tu, mwanangu, sisi hatuna neno," mama alijibu. Nyamizi akapumua. Maana kukipa kivuko kijiji cha kwao, kijiji ambacho hakikuomba, kungekuwa upendeleo, na watu wangesema. Alijisifu moyoni kwamba hakupendelea.

Na kila alipokwenda kumwona mama, alitua uani na kipepea, akaondoka kutoka uani. Mama alikuwa akiinuka kujifunga kanga, na kabla fundo halijakaza, vumbi la kipepea lilikuwa limeshampiga usoni.

Akakwea kipepea, akaruka.

Jua lilikuwa limeanza kuinama alipotua Magulungu. Mama alimpokea kwa furaha yake ileile, akamwekea kigoda, akamletea uji wa ulezi. Habari za kazi? Nzuri. Habari za hapa? Salama tu, mwanangu, tunamshukuru Mungu. Barabara je? Aa, haina neno, imetulia. Nyamizi alikunywa uji hadi mwisho. Kisha akakiambia kipepea kitangulie kikamsubiri ng'ambo ya mashamba, karibu na ukuta wa mkeka, na kikapaa kitupu.

"Unakwendaje sasa?" mama akauliza, amechanganyikiwa.

"Kwa miguu, mama."

Bi. Nyanzala alikitazama kipepea kikipotea, akamtazama binti yake. Polepole akainuka. Alijifunga kanga, na safari hii fundo likakaza.

Walitembea. Mama alikuwa mfupi kuliko Nyamizi alivyomkumbuka, na alitembea kwa kukanyaga chini kwa uangalifu. Walipita nyuma ya zizi, wakapita kisima cha zamani. Nyamizi hakuuliza kitu. Alikuwa ameuliza vya kutosha maishani mwake.

"Mwanangu," mama alisema mwishowe, "kuna jambo dogo tu."

"Ndiyo, mama."

"Huyu dada yangu. Nilizoea kwenda kila siku kumpikia na kumsuka. Unajua hapendi mtu mwingine amguse kichwa. Sasa wanasema niende mpaka kivuko kilichoko huko chini, na huko kwa miguu hii sifiki na kurudi siku hiyohiyo. Basi huja hapa kwenye kioo. Na yeye wajukuu humleta."

Walikuwa wamefika. Ukuta ulisimama mbele yao, safi kabisa, na ndani yake mkeka mweusi. Ng'ambo ya kioo cha pili, kwenye mkeka wa ukindu, alikaa mwanamke mzee, uso ameuelekeza kwao bila kuwaona. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa.

"Wamemnyoa," Nyamizi alisema.

"Wangemfanyaje? Hakuna wa kumsuka."

Bi. Nyanzala aliinama akaokota jiwe lililokuwa limewekwa pale, limekwisha kulainika kwa kushikwa. Akagonga kioo, akangoja, akagonga tena. Sauti haikupita, lakini mtikisiko ulishuka ukutani, ukapita chini ya mkeka, ukapanda ukuta wa pili. Mzee wa ng'ambo akanyoosha mkono, akakiweka kiganja chake kwenye kioo. Midomo yake ikacheza.

"Anasema nini, mama?"

"Sisikii. Lakini namjua. Anauliza habari. Nami namwambia nzuri."

Msafara ukapita, malori kwa malori, ukungu wa rangi bila mlio wowote, ukamfuta yule mzee machoni mwao. Ulipokwisha alikuwa bado pale, na kiganja bado kiko kwenye kioo. Nyamizi alilia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, na mama yake akamshika bega akimwambia basi, basi, haikuwa kitu kikubwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Kwenye simu, na wewe uko kazini? Au na lile jivumbi usoni?" Bi. Nyanzala aliangalia pembeni. "Nilikuwa nasema ukija siku moja na nafasi yako, nitakutoa mpaka hapa."

Nyamizi alifuta macho, akakiita kipepea. Akampandisha mama yake, ambaye hakuwahi kukipanda na aliyeng'ang'ania kiti kwa mikono yote miwili huku akimtaja Mungu. Walipaa, wakavuka mkeka, wakatua. Safari ilikuwa fupi hata uji wa moto usingewahi kupoa.

Bi. Nyanzala alipiga magoti juu ya ukindu, akakishika kile kichwa kilichonyolewa, akakipapasa kote kama anayetafuta pa kuanzia kusuka. Kalunde alimgusa uso, akamgusa masikio, akacheka meno nje.

"Umevukaje, we mwanamke?"

"Nimeletwa na mwanao."

Wakakaa hivyo, wakiongea wote wawili kwa pamoja, na Nyamizi akasimama kando asijue aweke wapi mikono yake. Baada ya muda mama yake akageuka.

"Ahsante, mwanangu. Leo umenifurahisha sana." Akasita. "Na kesho je?"

Nyamizi alisogea hatua chache, akampigia Bwana Rwechungura. Akamweleza habari za Itundwe, za Magulungu, na za wenyeji wote walioinuka. Mkurugenzi alisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya.

"Itundwe nimekuelewa," alisema. "Chimbeni kivuko, tutachelewa kidogo. Lakini huko nyuma kumekwisha, Nyamizi. Unataka nizime umeme wa njia nzima? Hata hii misafara ya majaribio imeshaanza kutegemewa na nchi nzima."

"Kabla ya makabidhiano tunaweza kukata. Baada ya hapo hatuwezi tena."

"Makabidhiano ni Jumamosi."

"Kiganja changu hukipati Jumamosi, Mkurugenzi."

"Unajua hutapewa barabara nyingine," alisema Rwechungura, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kweli.

"Najua."

"Na unadhani utajuaje wapi panahitaji kivuko? Umtume tena huyo Msikizi wako?"

"Nitapita mwenyewe. Nyumba kwa nyumba."

"Kwa miguu? Hiyo ni kazi ya mwaka mzima, kama si zaidi!"

"Nitasindikizwa," alisema Nyamizi.

Akakata simu. Aliipenda ile kazi, aliipenda mno; kesho asubuhi huenda Mtandazi angekuwa na bosi mwingine. Ila kiganja kilikuwa chake, na bila hicho hakuna ngoma itakayopigwa Tabora. Nyuma ya kioo msafara mwingine ulipita kimya.

"Nyamizi!" aliita Kalunde, akiupapasa ukindu kando yake kumwonyesha pa kukaa. "Mbona umesimama? Njoo ukae, mwanangu. Habari za kazi?"

"Shikamoo, mama mkubwa. Nzuri," alijibu, kwa mazoea.

Kisha akavua viatu, akakiambia kipepea kizime injini, akakaa kati ya wale wanawake wawili.

"Ila kuna jambo dogo tu," akasema.